Mwenye Mgahawa Anakula Wapi

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba hairudi tena, lakini barua kwako isiyoanza na shikamoo ungeikunja na kunirudishia. Kwa hiyo naiweka hapo juu, kisha naendelea.

Jana tulifungua mlango wa mgahawa. Nakuandikia kukueleza ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Chumvi iliongezwa na mdogo wangu Tabitha kwenye mchuzi, na huko nitafika.

Naanza na yaliyobadilika. Kibao chako kimeliwa na jua. Neno la katikati limefutika, na mtu akipita barabarani anasoma "Kwa Rehema". Wageni watadhani mgahawa ni wangu, mimi ambaye sijawahi kupika hata uji wa kuuza. Paka wako amehamia kwa fundi baiskeli. Jiko la nyuma lilipasuka wakati wa mvua na Tabitha amelikandika upya kwa udongo, amelifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Itigi kwenyewe kuko vilevile. Treni ikipiga honi, watu bado wanageuza shingo kama vile kuna mtu wanamsubiri.

Jambo kubwa ni la Baba mdogo Samweli. Unajua kiwanja cha mgahawa ni cha ukoo wa Baba, na baada ya Baba kufariki yeye ndiye mwenye kauli. Baada ya matanga alikuja akakaa kwenye kiti chako na kusema mgahawa uliofungwa ni banda la mbuzi. Alishapata kijana anayetaka kupanga, auze simu na kutengeneza zilizoharibika. Tabitha akamwomba muda. Akasema, "Muda mnao. Alizeti ikivunwa na mlango bado umefungwa, nitataka funguo." Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayetangaza siku ya mnada. Nilipofika likizo wiki iliyopita, watu walikuwa wameshaanza kukata alizeti.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu yaliyotokea jana hayaeleweki bila ile kanuni yako.

Uliniwekea kanuni hiyo kabla ya safari yangu ya kwanza ya nje, ile ya Lusaka. Nilikuwa mwandishi mchanga, gazeti limenituma, naona kama natumwa mwezini. Ulinifungia kuku wa kukaanga kwenye gazeti letu wenyewe, mafuta yakapita kwenye habari niliyoiandika mimi. Ukaniambia: "Ukifika huko usiulize chakula kizuri kiko wapi. Watakupeleka kwenye vioo. Uliza mwenye mgahawa anakula wapi. Kama anakula palepale, sufuria ileile, mbele za watu, kaa. Kama chakula chake hakili, nyanyuka."

Wewe mwenyewe uliishi hivyo. Kila adhuhuri, sufuria zikishaepuliwa, ulikaa kwenye meza ya mlangoni, uso barabarani, ukanawishwa na kupakuliwa kama mteja. Madereva wa malori ya Rungwa walikuona ukitafuna kabla hawajazima injini. Hilo ndilo lililokuwa tangazo lako, kibao kilikuwa cha wageni tu. Na kila aliyepita ulimwambia karibu, na kila aliyepita alijibu asante, nimeshiba, hata wale ambao tumbo lilikuwa limegusa mgongo. Tukiwa watoto tulikuuliza kwa nini watu wenye njaa wanasema wameshiba. Ukasema: "Karibu ya kwanza ni ya adabu. Ya pili ndiyo ya chakula." Na kweli, aliyekaribishwa mara ya pili alikaa.

Nimeitumia kanuni hiyo katika kila nchi niliyotumwa. Wenzangu waliniona wa ajabu. Wao walikula hotelini kulikofanyika mkutano, nyama iliyopashwa moto na maua mezani, na mimi nikazunguka vichochoroni kuchungulia nani anakula wapi.

Addis Ababa nilipata pa kula nyuma ya kituo cha basi, nyumba ya mama mmoja na binti zake. Sebule yao ndiyo ilikuwa mgahawa, kitanda kimefichwa nyuma ya pazia. Mama yule alikaa kwenye sinia moja na wateja. Aliniona nakula kwa aibu ya mgeni, akamega, akakunja, akachovya, akanitia tonge mdomoni kwa mkono wake. Nilipokupigia simu kukueleza, ulicheka mpaka ukakohoa. "Yaani mtu mzima, kalamu mfukoni, unalishwa?" Nikakuambia ndiyo desturi yao, ni heshima. Ukataka kujua: "Na wewe ulimlisha?" Sikuwa nimemlisha. "Basi umekula heshima ya watu bure."

Istanbul ilikuwa baba, mama na mtoto wao wa kiume. Sufuria zimepangwa dirishani, unaonyesha kwa kidole unachotaka, hakuna haja ya lugha. Nilionyesha bilinganya. Wateja walipopungua waliunganisha meza mbili wakala wote watatu, baba akimlalamikia mwanawe kwa sauti ambayo haihitaji mkalimani. Uliuliza nilikula nini. Bilinganya, nikasema. "Bilinganya tu?" Bilinganya tu, Mama. "Umevuka bahari kwenda kula bilinganya!" Lakini ukataka kujua waliikaanga kwanza au waliichemsha, nani alikuwa anaosha vyombo, na kama mume na mke wanasemeshana wateja wakiwepo. Hukuwahi kuniuliza habari za misikiti wala majumba. Picha hukuzitaka. "Weka picha chini, sema."

Safari uliyoipenda kuliko zote ni ya Lisboni. Mgahawa mwembamba kama behewa, mzee na mkewe jikoni, binti yao akihudumia. Kwenye meza ya jirani alikuwepo mzee mwingine, mteja. Supu yake ilipoletwa hakuigusa. Alinigeukia kwanza, akainyooshea sahani mkono, akasema neno. Nikadhani ananiuzia. Binti yule akanieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza: anakuuliza kama utakula naye, na wewe unatakiwa ukatae, umshukuru, umtakie mlo mwema. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikakupigia simu usiku uleule: Mama, Wareno nao wanakaribisha. Ukauliza: "Na mwenzao anajibu ameshiba?" Anakataa, nikasema, kwa adabu. "Basi hao ni watu," ukasema, na kwa siku kadhaa, Tabitha anasema, uliwaambia wateja wote kwamba Ulaya kuna kabila linakaribisha.

Ile ya Lusaka, ya safari ya kwanza, tuliizungumza mara moja tu. Niliingia mahali pasafi, chakula kinanukia vizuri, mzee mwenye mgahawa amekaa kwenye kona na sahani mbele yake. Hakula. Alikuwa akiigeuzageuza tu. Nikakumbuka maneno yako, nikanyanyuka, nikaenda kwingine. Nilipokusimulia ulisema, "Umefanya vema."

Mama, nimeandika habari za watu waliokufa kwa zaidi ya miaka ishirini. Najua namna ya kuzipanga. Hii ya kwako imenichukua muda kuipanga kwa sababu nilikuwa mbali ilipoanza, na sehemu kubwa nimeipata kwa kuuliza.

Ilianza na ugali kugoma. Ulikuwa unausukuma kwa maji. Ukaanza kumega matonge madogo, ukahamia wali, ukauacha wali. Ulimwambia Tabitha ni asidi, ukanywa majivu na maziwa. Lakini kila adhuhuri ulikaa pale mlangoni na sahani iliyojaa, kwa sababu mgahawa bila wewe kula pale haukuwa mgahawa. Ulifinyanga tonge mpaka likapoa, ukalirudisha.

Aliyeona kwanza ni Mzee Hamisi. Ni mfanyabiashara wa asali, anatoka Rungwa na madumu yake, na ni mtani wako tangu mimi sijazaliwa. Kazi ya mtani ni kusema. Akasimama katikati ya wateja akapaza sauti kama kawaida yake: "Jamani, njooni muone! Chakula hiki hata mwenyewe hakimpiti kooni!" Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, na jibu ulikuwa nalo: "Nakuachia wewe, mtani. Kwako hawapiki." Wakacheka zaidi. Nimewauliza watu waliokuwepo, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wanasema ulikuwa utani safi, na mimi nawaamini.

Ila utani ukishavuka kizingiti hauna mwenyewe. Pale stendi ukawa, "Hata mwenyewe hakili." Kufika mashineni ukawa swali: kwa nini hakili? Mmoja akasema maji ya kisima chenu yameoza. Mwingine akasema umezika dawa ya kuvuta wateja chini ya jiko, na mwenye dawa hiyo ana mwiko wa kula alichopika. Nimefuatilia uvumi mwingi katika kazi yangu, na karibu kila mara nimempata mtu mmoja aliyeutunga kwa faida yake. Huu haukuwa na mtungaji. Kila mtu aliongeza sababu moja tu, kwa nia ya kuelewa. Na wote walikuwa wakifuata kanuni yako. Wewe ndiye uliyewafundisha watu wa Itigi watazame mwenye mgahawa anakula wapi. Walitazama, wakaona, wakanyanyuka.

Madereva wakaanza kusimama kwa jirani. Mwisho mlikuwa mnapika maharage mnakula wenyewe, na wewe huli. Tabitha alikusihi uwaambie watu kwamba unaumwa. Ukakataa. "Nikisema naumwa, watasema nimewapikia nikiwa mgonjwa. Acha waseme dawa." Mgahawa ulifungwa kabla hujalala kitandani. Ukiandika chanzo cha kifo cha mgahawa, ni ugonjwa uleule.

Hospitalini Dodoma nilikuwepo. Daktari alikuwa kijana. Aliniambia kwa Kiingereza, akaona unamtazama, akatafuta Kiswahili chake, akasema njia ya chakula imeziba na kilichoziba hakitoki. Ukamjibu, "Kumbe ni njia tu," kana kwamba ni barabara ya Rungwa wakati wa masika. Tukarudi nyumbani.

Mlenda ndio uliokuwa wa mwisho kukubali kupita. Baadaye maziwa. Baadaye maji ya kijiko. Mikono yako ikawa kama mpini wa mwiko. Sisemi zaidi ya hapo, uliiona mwenyewe.

Ninachotaka kukumbusha ni siku ya kitunguu. Mimi na Tabitha tulikuwa tunakula jikoni nyuma, mlango umefungwa, tunanong'ona. Hakuna aliyepanga. Ilitokea tu, kwa sababu hatukujua mtu anawezaje kula mbele yako bila kukukaribisha, wala anawezaje kukukaribisha. Ukaita kutoka chumbani: "Mmeunguza kitunguu." Tukaacha kutafuna. Ukaita tena. "Tangu lini kwangu watu wanakula kama wezi? Leteni sinia hapa. Mnikaribishe." Tabitha akaanza kulia pale mlangoni. Ukamwambia, "Usinililie juu ya mboga, itazidi chumvi. Nikaribisheni. Jibu ninalo mwenyewe."

Tukaleta sinia. Tukanawa. Nikasema, "Karibu, Mama."

Ukasema, "Asante, mwanangu. Nimeshiba."

Tukala hivyo kila mlo mpaka mwisho. Karibu, Mama. Asante, nimeshiba. Kazini kwangu kila neno linahakikiwa kabla ya kuchapwa, na neno hilo lisingepita. Lakini ndilo lililotuwezesha kula.

Ukaanza kutaka safari. Mchana jua likiwa kali na bati linalia, ulisema, "Nipeleke kwa Wareno." Nami nikakupeleka, kuanzia mlango wa kuingilia. Ulinisahihisha. "Umeruka mkate. Juzi kulikuwa na mkate." Nikarudi kwenye mkate. Ulimpenda binti yule anayehudumia, ukasema baba yake atamchosha. Istanbul uliitaka kwa ajili ya ugomvi wa baba na mwana. Siku niliyokupeleka Addis, nilipofika mahali pa yule mama na tonge, ulifumbua mdomo. Nilikuwa na kijiko cha maji mkononi. Nikakutilia. Maji yalirudi yote. Ukajifuta mwenyewe kwa ncha ya kanga, ukasema, "Endelea, kisha ikawaje?"

Safari ya mwisho uliyoitaka sikuitarajia. Ulisema, "Yule mzee wa Lusaka. Yule asiyekula." Nikakuambia sina cha kusimulia, niliona hali chakula chake, nikaondoka.

"Hukumuuliza?"

Sikumuuliza, Mama. Wewe ndiye uliyesema ninyanyuke.

"Ndiyo, nilisema." Ukageuza kichwa ukutani. "Na mimi hakuna aliyeniuliza."

Hukurudia tena jambo hilo. Ulifariki siku chache baadaye, asubuhi, Tabitha akiwa kisimani, mimi nikiwa nakunja shuka.

Mazishi yako yalijaa. Walikuja wa kanisani na wa msikitini, wakaja wa stendi na wa mashineni, wakala wali wa msiba kwenye vyombo vya mgahawa ambao walikuwa wameukimbia. Siwalaumu, naripoti tu. Mzee Hamisi alifika kwa lori. Watu walimsubiri. Mtani akifika msibani lazima avuruge kidogo, alale njiani jeneza lisipite, adai fidia, waliolia wacheke. Hakufanya chochote. Alisimama karibu na uzio na fimbo yake. Akina mama wakamchokoza: "Mtani, ndiyo unatuacha tulie peke yetu?" Akasema, "Utani wangu ulishafanya kazi yake." Akaondoka kabla ya chakula.

Hapo ndipo tulipofika, mpaka jana.

Tabitha anapika, hilo hakuna anayebisha. Shida ilikuwa meza ya mlangoni. Aliniambia wazi: kupika atapika, lakini kukaa pale akala, hawezi. Akikaa anakuona ukifinyanga tonge. Tangu ufariki hajala kitu ndani ya chumba kile. Na bila mtu kula pale, Mama, kufungua mlango ni kupoteza kuni. Mji mzima ungechungulia meza moja tu. Nikasema nitakaa mimi. Kibao chenyewe kinasema Kwa Rehema.

Aliwasha moto mapema. Maharage, ugali wa uwele, mlenda, na kuku. Kuku alichinjwa na jirani yetu Mwislamu, kama ulivyozoea, ili kila atakayeingia aweze kula. Adhuhuri ilipofika hakuna aliyeingia. Walipita. Walipunguza mwendo wakifika mlangoni, wakatupa jicho mezani, wakaendelea. Baba mdogo Samweli alikuwa ng'ambo ya barabara, dukani, ananunua vocha kwa muda mrefu kuliko vocha inavyohitaji.

Nikakaa. Tabitha akaninawisha kwa birika lako. Akapakua, akarudi jikoni harakaharaka.

Nilimega tonge, nikachovya, nikala. Chumvi ilikuwa nyingi kiasi cha kuushika ulimi. Nikameza. Sikuwahi kabla ya jana kulisikiliza tonge likishuka. Nililifuata lote, kooni, kifuani, mpaka likatulia. Nikafuata na la pili. Nimekula kwenye nchi nyingi, mbele ya watu wengi, lakini sikumbuki kula kulikonichosha namna ile. Kila aliyepita nikamwambia karibu. Asante, nimeshiba, wakasema. Asante, endelea.

Kisha akasimama Mzee Hamisi kizingitini, dumu la asali mkononi. Sijui kama alikuja makusudi au lori lilimshusha tu. Sikuuliza, nitamuuliza.

Nikamwamkia. Akaitikia. Nikasema karibu.

"Asante, mwanangu. Nimeshiba."

Hakuondoka. Alisimama palepale. Wenye maduka ya upande wa pili walikuwa wameacha kupanga bidhaa zao. Nikakumbuka.

"Karibu, Mzee Hamisi."

Akatua dumu. Akatazama sahani yangu, kisha mdomo wangu. Akasema kwa sauti ya chini, isiyo ya kutangazia watu: "Mwenyewe anakula?"

"Anakula."

"Na kinapita?"

"Kinapita, Mzee. Ila chumvi imezidi."

"Nimesikia!" akafoka Tabitha kutoka jikoni.

Mzee Hamisi akavuta kiti. Akanawa. Akala tonge la kwanza huku akinitazama, akalitafuna taratibu kama anayepima asali ya mtu mwingine. "Ni kweli," akasema. "Huyu akiendelea hivi atatumaliza sote." Alimaliza sahani. Mfupa aliuacha mweupe. Aliposimama hakusema neno kukuhusu wewe, ila alipita upande wa ndani wa meza, akaisogeza kidogo, ikakaa pale ulipokuwa ukiiweka. Mimi nilikuwa nimeiweka mbali na mlango. Sikuwa nimeliona hilo.

Ndiye mteja pekee tuliyempata. Jioni tuliwagawia majirani chakula kilichobaki. Baba mdogo alimaliza vocha yake akaenda zake. Hakuja kuomba funguo. Hakusema pia kwamba hatakuja. Kwa hiyo siwezi kukuambia tumeshinda, Mama. Nakuambia kwamba mlango ulikuwa wazi jana, na leo asubuhi, ninapoandika, uko wazi. Tabitha amesema leo atakaa yeye. Amesema atakula kidogo. Nimemwambia kidogo kinatosha, mradi watu wamwone akimeza. Na akishindwa, aseme amefiwa na mama yake na koo limekaza. Aseme kwa sauti, wapita njia wasikie, wasibaki kutafuta sababu zao.

Mimi nitarudi kazini, na mwezi ujao natumwa nje tena. Nitatafuta mgahawa wa familia, kichochoroni, kama kawaida. Nitachungulia mwenyewe anakula wapi. Lakini kanuni yako nimeirekebisha, na naamini ungeirekebisha mwenyewe ungepata nafasi. Nikimkuta mwenye mgahawa amekaa na sahani bila kula, sitanyanyuka. Nitasogeza kiti changu kwake, nimkaribishe kwenye meza yake mwenyewe, mara ya kwanza na ya pili. Akisema ameshiba, nitamuuliza anaumwa wapi. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na hata nikiwa na haraka ya kupeleka habari, nitaitimiza.

Basi lala, Mama. Tabitha ananiita, anataka nionje chumvi kabla hajaepua. Adhuhuri imekaribia, meza iko mlangoni mahali pake, na maji ya kunawa yapo kwenye birika.

Karibu, Mama. Jibu unalo mwenyewe.

Mwanao,
Rehema